Zamu ya Mamba

Nyundo!
— Tumeishika.
Matao!
— Tumeyahesabu, ni sita.
Na zamu ni ya nani?
— Ni yako, msimulizi. Sema.

Basi sogeeni, na mwenye mbavu azishike mbavu zake, maana hii si hadithi ya kuchekea ovyo.

Hapo kale wanyama walikuwa na klabu zao za kroketi. Klabu ya Vichakani, klabu ya Mbugani, klabu ya Mtoni, kila moja na uwanja wake. Hawakuwa mabingwa, walicheza kwa kujifurahisha tu. Mchezo wenyewe ni mwepesi. Unalipiga koma, lile tunda gumu la mkoma, kwa nyundo ya mti, tok! Unalipitisha chini ya matao sita, kisha unagonga kigingi cha katikati. Atakayetangulia kumaliza ndiye mshindi, halafu mnakunywa chai. Refa hakuna. Kila mmoja anajihukumu mwenyewe.

Mashindano ya kila mwaka yalichezwa Mtoni, kwa Mamba. Klabu isiyofika ilikatazwa kunywa maji ya mto, kwa hiyo walifika. Na uwanja ulikuwa mzuri, msiseme. Kiboko aliyapunguza majani yake kwa meno kila siku, ukawa laini kama mkeka. Ila ndege waimbao hawakutua pale, na matao yake yalikuwa meupe.

Mwaka huo ilikuwa zamu ya Vichakani, na nahodha wao alikuwa Sange. Mnamjua Sange? Yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza, anayefagia vijia vyake kutwa nzima. Nyuma yake walisimama sange wenzake thelathini na tisa, klabu nzima. Sange alilisogelea tao la kwanza akalinusa. Ulikuwa ubavu. La pili, ubavu. La tatu, la nne, la tano, ubavu, ubavu, ubavu. La sita lilikuwa kijiti kilichopindwa.

"La kwanza ni Paa," Mamba akamweleza kwa upole wa mwenyeji. "La pili Kuro, la tatu Ngiri, la nne Tohe. La tano Pongo, wa mwaka jana. Manahodha wa heshima wote. Anayeshindwa hubaki, ndiyo desturi yetu. Kijiti hicho kinaniaibisha mbele ya wageni, bwana mdogo."

Sange akamwambia kwamba mbavu za sange hazifiki hata urefu wa ukucha. Mamba akaitazama klabu nzima, akawahesabu mmoja mmoja bila haraka, akasema akiziunga za wote arobaini zitatosha. Sange akaogopa, akaogopa kwelikweli. Pembeni Makongoti, wale ndege wenye vipara na madevu ya shingoni, walikuwa wamekwisha tandika meza ya chai. Visu vilikuwa vingi. Kikombe kilikuwa kimoja.

Sange akaomba asomewe kanuni. Mamba akazisoma kwa fahari, maana alizitunga mwenyewe. Ukipita tao, unaongezewa pigo moja. Ukigonga koma la mwenzako, unaongezewa mapigo mawili. Zamani ilikuwa ukishaligonga mara moja huruhusiwi kuligonga tena mpaka upite tao, lakini Mamba aliifuta kanuni hiyo mwaka wa Pongo, apate kumsumbua atakavyo. Na asiye na zamu hukaa juu ya jiwe nje ya uwanja. Akishuka kabla zamu yake haijafika, ameshindwa. Hiyo aliitunga siku Ngiri alipojaribu kutoroka.

"Akishuka ameshindwa," Sange akauliza, "hata mwenyeji?"

"Hata mwenyeji. Mimi si mwonevu."

Mamba akaanza. Tok! akapita kwa Paa. Tok! akapita kwa Kuro. Tok! kwa Ngiri, tok! kwa Tohe, tok! kwa Pongo. Kila koma lilipopita, ubavu ulitoa kisauti, kriii. Alipofika kwenye kijiti, macho yake yalikuwa kwa wale arobaini, mate yanamtoka. Koma likagonga kijiti, likarudi likibingirika mpaka karibu na mstari wa kuanzia. Zamu yake ikaisha. Hakujali, maana alibakiza tao moja na kigingi. Akapanda jiwe kungojea chai.

Sange akaja na nyundo yake isiyozidi kijiko. Alikuwa na pigo moja tu, na akikosa, Mamba atashuka kumaliza. Akavuta pumzi. Tok! Koma lake likagonga la Mamba. Mapigo mawili. Kwa la kwanza akalisogeza lake nyuma kidogo. Kwa la pili, tok! akagonga tena. Mapigo mawili. Akasogeza nyuma, tok! Mapigo mawili. Akasogeza nyuma, tok!

Mamba akangoja. Kisha akauliza, "Zamu yangu?"

"Bado, bwana mwenyeji."

Jua likapanda. Jiwe likapata moto. Sange akasogeza nyuma, tok! Njaa ilipomshika aliokota siafu mmoja, akatafuna, akasogeza nyuma, tok!

"Zamu yangu?"

"Bado, bwana mwenyeji."

Mamba akaachama kupunguza joto. Mto ulikuwa hatua kumi nyuma yake, anausikia unavyopita. Lakini akishuka ameshindwa, na anayeshindwa hubaki. Akatamani kusema kanuni ni mbaya. Zilikuwa zake. Na Makongoti, waliokuwa wakimtazama Sange tangu asubuhi, wakageuza shingo zao taratibu, wakaanza kumtazama yeye.

Alasiri nyundo ikamteleza Sange mkononi. Koma lake likapita pembeni ya la Mamba bila kuligusa, likaenda, likaenda. Sange thelathini na tisa wakafumba macho. Koma likafika kwenye tao la Pongo. Upepo haukuwapo. Ubavu ukainama, kriii, ukalisukuma koma, likarudi polepole mpaka likaligusa la Mamba. Tok.

Sange aliganda. Refa hakuna, kila mmoja anajihukumu mwenyewe. Akautazama ule ubavu, nao ulikuwa umesimama wima kama mwanzo.

"Limegonga," akasema. Mapigo mawili.

"Zamu yangu?" Sauti ilikwaruza kama jani kavu.

"Bado, bwana mwenyeji."

Jua lilipoelemea magharibi, Mamba hakuuliza tena. Sange akamwita mara tatu. Kinywa kilibaki wazi, nzi wakiingia na kutoka. Ndipo akalipitisha koma lake kwenye matao sita, akiomba radhi kwenye kila ubavu, akagonga kigingi. Makongoti hawakupiga makofi. Walichukua visu vyao wakaenda kwenye jiwe, kwa kuwa wao ni wahudumu, na kwao mshindwa ni mshindwa. Kiboko akaendelea kula majani.

Kesho yake kijiti kiling'olewa. Tao la sita likawa jeupe kama mengine, ila nene zaidi.

Mashindano yapo hata sasa, na mto unanywewa na kila mtu. Sange aliapa kuzizika zile mbavu. Kila mwaka husema mwakani, maana uwanja ni mzuri, na matao yametimia. Lakini koma linapopita tao la sita, ubavu huuliza kwa sauti ndogo, "Zamu yangu?" Wachezaji wote, na wageni pia, hushusha nyundo zao wakajibu kwa pamoja, "Bado." Hajatokea hata mmoja aliyethubutu kunyamaza.

Funzo lake ni hili, wanangu: mkialikwa mchezoni, chezeni upesi. Kumkalisha mwenyeji juani ni utovu wa adabu.

Koma langu limegonga kigingi, natoka uwanjani. Nanyi mkiulizwa swali njiani, jibu mnalijua.

— Bado.