Mgeni Aliyeuzunguka Mji wa Fumbani Amelala

Hapo zamani, na atakayebisha abishe sasa hivi kabla sijafika mbali, kulikuwa na mtu aliyeuzunguka mji mzima, mtaa kwa mtaa, amelala chali, hakukanyaga ardhi, hakupanda mnyama, hakumlipa mtu, na mmoja wa waliombeba begani alikuwa sultani mwenyewe. Najua unavyonitazama. Nyinyi mliokaa madarasani mpaka mkaota sugu mnataka ushahidi kwa kila kitu. Haya, ushahidi upo, ni kiatu, na kitakuja mahali pake. Kaa kitako.

Basi mji wenyewe uliitwa Fumbani, na sultani wake Hamdani. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kusifiwa kama mtoto anavyopenda halua. Alikuwa na waziri, jina lake Mbaruku, mtu mwembamba mwenye shingo ndefu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukubali kabla hajaulizwa. Huyo Mbaruku ndiye aliyebuni sheria ya wageni. Sheria ilisema kwamba mgeni yeyote aingiaye Fumbani atalala katika nyumba ya wageni ya sultani na si penginepo, na atatembea juu ya punda wa sultani na si vinginevyo, na asiyeweza gharama atolewe nje ya lango kabla ya adhana ya magharibi. Nyumba hiyo ilikuwa na kunguni wenye umri kumpita waziri. Punda nao walisimama kila penye kivuli wakakataa kuondoka. Lakini bei yake ilikuwa ya wafalme, hata maskini wakawa wanaujua mji wa Fumbani kwa kuuona ukuta wake kwa nje.

Ikawa Alhamisi moja asubuhi akafika langoni mtu wa shamba aitwaye Vuai, mkwezi wa minazi ya wenzake, kwapani amekunja kanzu yake ya pekee isichafuke njiani. Dada yake Mize, aliyelelewa na shangazi yao humo mjini, alikuwa aolewe kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Baba yao amekufa, ami hawana, walii ni Vuai peke yake, na kadhi wa Fumbani alikuwa mkali, hakufungisha ndoa mpaka amsikie walii kwa kinywa chake. Nao watu wa bwana harusi walikwisha sema kwamba Ijumaa hii ikipita bila ndoa, wao watakwenda kuposa kwingine.

Askari wa langoni akamwuliza, "Utalala wapi?"

"Kwa dada yangu."

"Haifai. Utalala nyumba ya wageni. Na hapa unakwenda na nini?"

"Na miguu. Nimekuja nayo kutoka nyumbani."

"Haifai nayo."

"Basi niikate niiache hapa kwako?"

Askari akaona huyu ni wa kupelekwa mbele ya sultani, akapelekwa.

Sultani Hamdani alikuwa amekaa barazani pake, waziri kasimama nyuma. Akasema, "Ewe mtu wa shamba, nimeambiwa waikataa nyumba yangu."

Vuai akainama, akasema, "Allah akuweke, bwana wangu. Sijaikataa. Nimesikia sifa za kunguni wako, nikaona mimi si mtu wa hadhi ya kulala na wakongwe kama wale."

Watu waliokuwapo wakaanza kutazama dari. Sultani akasema, "Na punda wangu?"

"Punda wako, bwana, nimempita njiani asubuhi. Bado yuko palepale."

"Basi wewe wadhani mtu aweza kukaa katika mji wangu bila nyumba yangu, na kuuzunguka bila punda wangu?"

"Aweza, bwana, na asichoke."

Hapo sultani akakunja uso. Akasema, "Vema. Kuanzia adhana ya alasiri hata adhana ya magharibi ya leo, uizunguke mitaa yote ya Fumbani, na mwisho wa safari uwe hapa mlangoni pangu. Nyayo zako zisiguse ardhi mpaka ufike hapa. Usipande mnyama, usimlipe mtu, wala usimwombe mtu akubebe. Na humo humo ulale usingizi wa kweli, si chini ya paa la nyumba, wala si chini ya mbingu tupu. Ukiweza, sheria ya wageni nitaifuta. Ukishindwa, utatolewa langoni, na dada yako atangoja mpaka wewe uwe tajiri."

"Atangoja sana, bwana," akasema waziri.

"Sijakuuliza, Mbaruku."

"Kweli, bwana, hujaniuliza."

Sultani akamwamuru waziri azunguke mjini alasiri nzima, na akimwona Vuai amekanyaga chini, amkamate hapohapo.

Vuai akaenda kwa dada yake. Akamkuta Mize amekaa mkekani, mikono na miguu imepakwa hina haijakauka, ameinyoosha mbele kama mtu anayeota moto. Akamweleza yote.

"Kaka," Mize akasema, "nilikwambia uje unioze, hukuambiwa uje ushindane na serikali."

"Nimeahidi jambo dogo tu."

"Madogo yako nayajua tangu utotoni. Shughuli yote nimeiandaa, mpishi keshawasha moto, halafu wewe unatupwa nje ya lango kama kumbi za nazi." Machozi yakamjia, na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya hina, ikabidi Vuai amfute kwa ncha ya kanzu yake. Mize akaendelea kulalama, "Mji huu nao una mambo. Mgeni akiwa hai hapewi hata kivuli. Akifa ndiyo wanamgombania, kila mwanamume anatia bega japo hatua mbili apate thawabu, hata hawaulizi ni nani. Mpaka sultani huteremka."

Vuai akaacha kumfuta. "Rudia hapo."

"Hapo wapi?"

"Pa bega."

Mize akamtazama, akafahamu, akainua mkono ampige kofi, akakumbuka hina, akaushusha. "Vuai, usithubutu," akasema. Lakini alikuwa anazungumza na mlango.

Basi ua wa msikiti wa langoni ulikuwa na jeneza la waqfu, limeegemezwa ukutani kungoja mwenye haja nalo. Kabla ya adhana ya alasiri Vuai alilishusha, akalilaza, akajilaza ndani, akajifunika shuka la kijani la jeneza gubigubi, kanzu yake ya harusi ameifanya mto. Ikaadhiniwa, watu wakaingia, wakasali, wakatoka. Wakaliona.

"Jamani, kuna maiti hapa."

"Wa nani huyu?"

"Simjui. Labda mgeni."

"Maskini. Hana mtu."

"Keshasaliwa?"

"Atakosaje kusaliwa, naye yuko msikitini?"

Hoja hiyo ikawatosha. Wakapiga bismillahi, wakanyanyua, na Vuai akahisi ardhi inamwacha mgongoni taratibu, akajisemea moyoni kwamba punda wa sultani hajafikia hata robo ya raha hii.

Wakaushika mtaa wa Wafua Chuma, wanakwenda kwa tahalili, na kila waliyempita akaacha alichokuwa akifanya akatia bega. Wa mbele waliamini wa nyuma wanajua kaburi liko wapi. Wa nyuma walikuwa wanawafuata wa mbele. Wafua chuma wakalifikisha kwa Washonaji, wakidhani Washonaji ndio wenyeji wa msiba. Washonaji wakalipeleka Sokoni, maana huko ndiko kuna watu wengi na lazima mmoja wao anajua. Sokoni hakuna aliyejua, ila hakuna aliyetaka kuonekana hajui, wakalipeleka mbele. Kupitia nyuzi za shuka Vuai aliona roshani zinapita, nguo zilizoanikwa zinapita, paka juu ya ukuta anapita. Akawa anauona mji wa Fumbani kama ambavyo matajiri hawajapata kuuona. Na kwa jinsi walivyokuwa wakimbembeleza, macho yakawa mazito, akalala. Akalala kweli, na akakoroma.

Sasa nani alikuwa ametia bega upande wa kichwa wakati huo? Mbaruku. Alikuwa anazunguka kumtafuta Vuai, anachungulia miguu ya watu, likampita jeneza, akaona watu wanamtazama, akatia bega. Ilikuwa mara yake ya tatu, maana kila kona aliyotokea alilikuta. Akamgeukia mzee aliyekuwa naye sambamba.

"Mzee wangu, unakoromaje na huku unatembea?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nakustahi tu, mheshimiwa. Nikasema kazi za serikali zinachosha."

Wakaendelea, kila mmoja amemkasirikia mwenziwe, wakibishana nani kakoroma hata Vuai akawasikia usingizini.

Walipofika kwa Wafinyanzi, mtaa wa mwisho kabla ya jumba la sultani, akatokea mchimba makaburi, na jembe lake begani. Akauliza, "Mnampeleka wapi?" Wa mbele wakawatazama wa nyuma. Akasema, "Kama hamna kaburi, mimi ninalo, limechimbwa jana, mwenyewe kapata nafuu ghafla. Liko hapo nyuma, mlete tumsitiri jua halijazama."

Watu wakashukuru Mungu, wakaanza kugeuza. Vuai akazinduka. Akasikia jembe linagonga ubavu wa jeneza karibu na sikio lake, na akaona mambo mawili kwa pamoja. Akisema neno hapa, watamwangusha chini, nyayo zitagusa ardhi, na Mize hataolewa. Na asiposema, Mize ataolewa na nani wakati walii yuko chini ya udongo? Jasho likamtoka, shuka likamganda usoni. Akafumba macho, akaanza kumwomba Mola amletee mjinga.

Mola akamletea waziri.

"Hapana," Mbaruku akasema, shingo ameinyoosha. "Maiti ya mgeni haizikwi kabla ya kupita kwa bwana wetu. Atakosa thawabu, na watu watakosa kumwona akiipata. Geuzeni."

"Jua linazama, mheshimiwa."

"Basi kimbieni."

Wakakimbia nalo, na Vuai ndani anadunda kama dafu kwenye kikapu, mpaka uwanja wa jumba. Sultani Hamdani akaliona kutoka roshani, na akaona jinsi uwanja ulivyojaa watazamaji. Akateremka kwa haraka, akajipenyeza, akatia bega lake upande wa miguu, uso ameuinamisha kwa huzuni ya kupendeza. Wakaenda hatua chache mpaka kwenye ngazi za mlango wake. Sultani alikuwa mfupi kuliko wenziwe, jeneza likainama.

Ndipo sauti ya adabu ikatoka ndani ya shuka, ikasema, "Bwana wangu, Allah akuzidishie. Upande wako inua kidogo, nateleza."

Basi wakaliweka jeneza ngazini, na shuka likafunuliwa, na Vuai akaketi. Sultani akamwuliza, "Ewe Vuai, umewadanganya watu wangu kwamba umekufa?" Naye akajibu, "Hasha, bwana. Hakuna aliyeniuliza. Miguu haijagusa ardhi, mnyama sikupanda, sikulipa, sikuomba. Nimelala, na si chini ya paa wala si chini ya mbingu tupu, nilikuwa chini ya shuka. Na kama usingizi wangu una shaka, shahidi ni waziri wako, ameusikia kwa sikio la kulia." Mbaruku akalishika sikio lake. Sultani akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Akaifuta sheria ya wageni papo hapo, na akamtunuku Vuai kiatu chake cha ngozi kilichotariziwa uzi wa dhahabu. Kimoja. Kile cha pili usiniulize sasa.

Kesho yake Mize akaolewa, na walii akasimama mbele ya kadhi ana kanzu iliyokunjamana kichwa chake kilipolala, mguu mmoja una kiatu cha kisultani, mwingine peku. Kisha akapewa kazi ya kukaa langoni na kuwaelekeza wageni wasio na kitu. Akawa anawaambia, baraza ya Bi Rukia ina kivuli na hafukuzi mtu, ila jogoo wake hana adabu. Msikiti wa Sokoni una upepo, lala upande wa kisima. Ukiwa na haraka pita kwa Wafua Chuma, ukiwa na njaa pita kwa Washonaji, maana wake zao hupika mapema na hushindana kukaribisha. Punda usimguse. Na kuhusu jeneza, usijaribu, kwani tangu siku ile watu wa Fumbani hubisha hodi kwanza, na wasipojibiwa hubisha tena.

Haya, nimemaliza. Unaangalia nini? Kiatu?

Sawa. Kuna kipande nilikiruka, kwa heshima ya sultani. Pale sauti ilipotoka ndani ya jeneza, hakuna aliyeliweka chini kwa utaratibu nilioutaja. Lilitua lenyewe ngazini. Waziri alipanda juu ya punda, na hiyo ndiyo siku pekee punda wa sultani alipata kukimbia. Na sultani, yule niliyesema alicheka, alitoka mbio mpaka jikoni, kiatu kimoja kikabaki ngazini, akajificha nyuma ya sufuria kubwa ya pilau. Vuai akakiokota, akamfuata amejitanda shuka la kijani, anaita kwa upole, "Bwana wangu, kiatu chako," na kila alivyoita ndivyo sultani alivyozidi kujikunja.

Maneno yote yale ya shuka na mbingu Vuai aliyasema, naapa, ila aliyasema mbele ya sufuria. Na nyuma ya sufuria sauti ikajibu, "Sheria nimeifuta. Chochote unachotaka nimekupa. Rudi tu ulikotoka."

"Kesho, bwana. Kwanza namwoza dada yangu."

"Mwoze."

Aliyecheka ni mpishi wa jumba. Vuai akakiweka kiatu mlangoni pa jiko, akakaa akangoja mwenyewe aje akichukue. Ikaadhiniwa magharibi, hakuna aliyekuja. Ndipo akakivaa.