Ndoo Moja Moja

Ofisi ya ushirika wa wafuga nyuki wa Inyonga ilifurika tangu asubuhi. Katikati ya umati aliketi Erasmus, fundi wa kompyuta, kifua mbele kwa majigambo. Mnunuzi kutoka Mpanda alikuwa njiani, na sharti lake lilikuwa moja tu: aone kwenye kompyuta kila ndoo ya asali ni ya nani. La sivyo angenunua kwingine, na asali ya msimu mzima ingewadodea wafuga nyuki.

Taarifa hizo zilitunzwa kwenye hifadhidata ya safuwima, ambayo huweka majina yote pamoja, uzito wote pamoja na vijiji vyote pamoja. Programu ya Erasmus iliifikia kupitia kiunganishi, programu ndogo ya kupitisha taarifa, ambacho maelekezo yake yalisema wazi: kusanya taarifa nyingi, uzipeleke kwa mkupuo. Lakini wafuga nyuki wale hawakukubali, hata kwenye kompyuta, asali ya mtu ichanganywe na ya mwenzake kabla mwenyewe hajaambiwa imepokelewa. Basi Erasmus, ili awafurahishe, akapeleka taarifa za ndoo moja moja. Kwa kila ndoo hifadhidata ilizunguka safuwima zote. Ikatweta, ikatweta, mwishowe ikagoma.

"Kaka, zikusanye," alisema Amira, fundi mwenzake.

"Niache, dada! Kazi hii naiweza peke yangu," alijibu Erasmus, jasho likimtiririka.

Mzee Yotham, mmoja wa wafuga nyuki, alikuwa ameganda mbele ya skrini. "Mwanangu, sitoki hapa mpaka ya kwangu ifike. Usinichanganye na Gaspar, asali yake ina maji!"

"Maji? Nani kasema?" Gaspar alifoka.

Mara honi ya gari la mnunuzi ikasikika kwa mbali. Erasmus alinywea kama kuku aliyenyeshewa. Aliona aibu, tena aibu kubwa.

"Amira, nisaidie," alinong'ona.

Amira akaandika upya programu ili ikusanye taarifa kwanza, Erasmus akimsomea maelekezo. Mama Pelagia, mwenyekiti, akawageukia wanachama. "Nyie, ndoo zenu si zinapanda lori moja, kila moja na jina lake? Na taarifa hizi zitaenda hivyo hivyo." Mzee Yotham akakubali shingo upande.

Taarifa zote zikaenda kwa mkupuo mmoja. Mnunuzi aliingia, akasoma majina yote, akaagiza lori lipakiwe.

"Fundi wa kazi hii ni nani?" aliuliza.

Erasmus alifungua kinywa aseme "mimi". Amira alikuwa anamtazama. Mama Pelagia alikuwa anamtazama.

"Ni sisi," alisema.

Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.