Pimbi na Mashine Mbili Zisizoamkiana

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na mabaraza mawili ya kutunga sheria: la Tembo kilimani, la Nyati bondeni. Yeyote aliyekwenda kuwanong'oneza wajumbe ombi lake alilazimika kulitamka mbele ya mashine, nayo mashine ikalihifadhi ili lisikike tena. Lakini kila baraza lilinunua mashine yake, na mashine hizo hazikuamkiana hata siku moja: yaliyosemwa huku hayakusikika kule.

Fisi alifurahia mpango huo, we! Aliitaka chemchemi ya mawe, ile ya Mama Pimbi na wanawe watano. Asubuhi yuko kilimani, mchana yuko bondeni, anacheka kwa-kwa-kwa. Kesho yake mabaraza yote mawili yalikuwa yapige kura kumpa. Watoto wangekunywa nini?

Pimbi akapanda kilimani. "Shikamoo, Mzee Tembo. Hebu sikilizeni mashine ya Nyati, mjue Fisi kasema nini kule."

"Sisi tusikilize kidude cha Nyati? Thubutu!"

Akateremka bondeni. Nyati wakapuliza pua, pfuuu! "Kidude cha Tembo? Hebu tupishe!"

Pimbi alikasirika hadi manyoya yakamsimama. Hawataki kusikilizana? Basi watashindana. Akarudi kwa Tembo: "Nyati wanasema mashine yenu haina sauti." Akawapelekea Nyati maneno hayohayo kuhusu yao.

"Nini? Twendeni uwanjani!" kila baraza likafoka, likabeba mashine yake.

Wanyama wote wakajaa uwanjani. "Zitamke nini?" akauliza Tembo.

"Chochote," akasema Pimbi. "Tuseme ombi la Bwana Fisi."

Fisi akaruka. "Aa, jamani, hilo refu mno!"

"Kaa chini!" wakafoka Tembo na Nyati kwa pamoja.

Krrr! Mashine ya Tembo: "Nipeni chemchemi, niwazuie Nyati wasiichafue."

Krrr! Mashine ya Nyati: "Nipeni chemchemi, niwazuie Tembo wasiikaushe."

"Yooo!" uwanja ukalipuka. Fisi huyo, mbio! Wakubwa wakataka kumkimbiza, lakini Pimbi akawakingia njia.

"Hamwendi popote! Fisi aliomba tu. Nani alimwitikia? Pigeni kura hapa hapa, tukiwaona!"

Masikio ya Tembo yakalegea. Nyati wakatazama kwato zao. Wakapiga kura, na chemchemi ikabaki kwa Pimbi na wanawe. Walipotaka kubeba mashine zao, Pimbi akapanda juu yazo, mguu huku, mguu kule.

"Zinabaki hapa, pamoja. Anayezitaka aje anishushe."

Hakuja mtu.

Basi, wanangu, wakubwa wakikataa kuambiana ukweli, mdogo ana haki ya kuwaumbua hadharani.