Ukanda wa Mwisho wa Humaid

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika kheri, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mdogo uliokuwa njiani mwa mahujaji, mwendo wa siku moja kutoka mji wa Kufa, aliishi fundi wa ngozi aliyeitwa Humaid bin Wasil. Hakuwa na duka sokoni. Kazi yake aliifanya nyumbani, barazani uani, yeye na mkewe Lubaba, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.

Humaid alikata, akagandisha, akashona. Lubaba alimaliza kingo.

Asiyeijua kazi hii hudhani ukingo ni pambo. Sivyo. Pale kisu kilipopita, nyama ya ngozi hubaki wazi, na hapo ndipo maji na vumbi huingilia, na hapo ndipo uozo huanzia. Basi Lubaba alikuwa na kisu kidogo kilichopinda, cha kupunguzia pembe kali za ukingo, juu na chini. Baada ya kisu alisugua kwa jiwe jepesi lenye vitundu. Kisha alilowesha ukingo kwa kitambaa, kidogo tu, kwani maji yakizidi ngozi huvimba na kuharibika. Akachukua mfupa wa ngamia aliouchonga mfuo katikati, akausugua ukingo kwenda na kurudi huku akimsabihi Mola wake, mpaka ngozi ikafunga na kung'aa. Mwisho alipitisha nta ya nyuki iliyopashwa moto. Ukanda wa tabaka tatu ukitoka mikononi mwake, ungeapa kuwa ni ngozi moja.

Wakaishi hivyo miaka thelathini. Kisha Humaid akashikwa na homa, na siku ya saba Mola wake akamwita.

Ubaoni kwake ulibaki ukanda mmoja mpana, wa tabaka tatu, umegandishwa lakini haujashonwa. Ulikuwa ukanda wa Mirdasi. Mirdasi huyu kazi yake ilikuwa kuutangulia msafara wa mahujaji na kushuka katika visima vya njiani, akatoa mchanga na mizoga, ili waja wa Mwenyezi Mungu wapate maji ya kunywa na ya kutawadha. Alishushwa kwa kamba, na kamba ilifungwa kwenye ukanda uliomzunguka kifuani. Visima vile vilikuwa na kina cha watu ishirini waliosimamiana mabegani. Asiyeshikwa na ukanda wake huko, hakuwa na kingine cha kumshika.

Lubaba alikuwa ndani ya eda. Wiki ya tatu aliinuka, akatandika mkeka barazani, akasema nafsini mwake, "Kazi ya mwisho ya Humaid haitalala ubaoni." Akachukua msharasi wa mumewe, akatoboa, akashona kwa uzi wa katani uliotiwa nta. Kushona hakukuwa kazi yake, na vidole vyake vilitoka damu. Hakujali. Mara mbili aliuinua ukanda akauweka shavuni, kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho kilichoguswa na mikono ile.

Jumatatu asubuhi, jua likiwa limepanda, akaanza ukingo. Akashika kisu chake kidogo, akapunguza pembe. Ngozi nzima hukishindania kisu, na mkono wa fundi huusikia ushindani huo. Lakini pale katikati kisu kilipita bure, kama kinakata mkate.

Akausogeza ukanda mwangani. Tabaka la katikati lilikuwa jeusi na lenye ungaunga. Ilikuwa ngozi iliyounguzwa na chokaa kiwandani kwa watengenezaji. Juu huonekana nzima, ndani imekufa. Miaka yote ile Humaid hakukubali ngozi ya namna hiyo hata kwa kamba ya mbuzi. Lubaba akajiambia kwamba homa ilikuwa imeshamwingia, na macho yake hayakuona alichokuwa akikigandisha.

Bila kukusudia, kwa mazoea tu ya mkono, akalowesha ukingo akapitisha mfupa. Maji yalitoka na weupe kidogo; hakulitilia hilo maanani. Akasugua mara ya pili na ya tatu. Weusi ukazama, tabaka zikaungana, ukingo ukang'aa. Hapakuonekana kitu. Lubaba akaviweka vyombo chini, akautazama mkono wake kwa hofu.

Punde akaingia wifi yake, Atika, dada wa marehemu, akiwa na bakuli la uji wa shayiri.

"Wifi, umenuna au unaumwa?" akauliza. Kisha akauona ukanda. "Mashallah! Wewe umekatazwa hina, lakini ukanda umepambwa kama bibi harusi."

Lubaba hakucheka. Akamweleza.

Atika akakaa chini polepole. Akauliza, "Nani aliyemwosha ndugu yangu?"

"Ni mimi niliyemwosha."

"Kama uliona aibu mwilini mwake, utaitangaza?"

"Mwenyezi Mungu apishe mbali."

"Basi na hii ni aibu yake, wifi. Maiti husitiriwa. Wewe umepewa mkono wa kusitiri. Uliyoifunika hapo, hata mimi siioni. Iache imefunikwa."

"Niliyoyaona mwilini mwake," Lubaba akajibu, "hayatamwangusha mtu kisimani."

"Juu na chini ni ngozi nzima. Labda tabaka mbili zitamtosha."

"Wewe ungemshusha mwanao kwa labda?"

Atika akaanza kulia. "Miaka thelathini, Lubaba! Kila baada ya swala watu wanamwombea rehema kwa uaminifu wake. Kesho watasema Humaid alimghushi Mirdasi na kumbe tulidanganyika siku zote. Hana ulimi wa kujitetea. Na wewe, ambaye ungemtetea, ndiwe wa kwanza kumuumbua."

Maneno hayo yalimchoma Lubaba kuliko msharasi. Kuufungua ukanda ni kuvunja kazi ya mwisho ya mume wake, na kuvunja jina lake pamoja nayo. Kuufunga ni kumtia Mirdasi shimoni kwa mkono wake mwenyewe. Akatawadha, akaswali rakaa mbili, akakaa kwenye msala akimwomba Mola wake ampe moyo.

Alasiri, Mirdasi alikuja kujipima. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Alisimama ukumbini, na Lubaba akakaa nyuma ya pazia, Atika akiwa kati yao.

"Assalamu alaykum, enyi watu wa nyumba hii. Nimekuja kuujaribu ukanda wangu, nisije nikafika kisimani nikaambiwa nimenenepa."

"Waalaykumu ssalaam. Umenenepa tangu zamani," Atika akasema huku akimpa ukanda. "Punda wako alitulalamikia alipopita."

"Punda yule mwongo. Husema mzito ni mzigo." Akaufunga kifuani, akacheka, kisha akapitisha kidole gumba ukingoni, na sauti yake ikashuka. "Subhanallah. Mkono wa Humaid. Wenzangu waliposikia amefariki waliniambia nikachukue ukanda sokoni. Nikawaambia, mimi nashuka gizani. Sishuki na ukanda ambao simjui aliyeugandisha."

Nyuma ya pazia Lubaba alifumba macho. Kisha akasema kwa sauti kavu, "Mirdasi, nirudishie ukanda."

"Bado kitu gani, Bi Lubaba?"

"Ndani ni mbovu. Tabaka la katikati limeungua. Siwezi kukupa."

Mirdasi akaugeuza huku na huku. "Mama, huo ubovu uko wapi? Mimi naona kioo."

"Kioo ndiyo kazi yangu. Nakuambia kilicho nyuma yake."

Mirdasi akaufungua ukanda, akamrudishia Atika. Alipojibu, hakutaja jina la Humaid, na huko kutolitaja ndiko kulikowauma wanawake wote wawili. "Msafara unaondoka Alhamisi baada ya adhuhuri. Utapata kutengeneza mwingine?"

"Inshallah."

"Humaid aliniambia ukingo peke yake ni kazi ya siku nzima kwako."

"Basi nimekwisha chelewa. Nenda ukaniombee dua."

Alipotoka, Lubaba alichukua kisu, akaanza kukata nyuzi alizozishona mwenyewe. Atika aligeuza uso ukutani. Uzi mmoja, kisha mwingine, mpaka wa mwisho. Sasa ilibaki kuzitenganisha tabaka. Gundi ya Humaid ilikuwa ya kwato, na gundi hiyo haiachii ila kwa kuchana ngozi. Lubaba akasema bismillahi, akakaza meno, akavuta kwa nguvu zake zote.

Tabaka zikaachana kama maganda ya kitunguu kilichochemshwa, hata akayumba na kuanguka nyuma.

Akaketi, akatazama. Juu ya ngozi palikuwa na weupe mkavu unaopukutika. Akaugusa kwa ulimi. Haikuwa gundi. Ulikuwa uji wa unga wa ngano.

"Atika," akaita. "Atika, njoo utazame."

Kwani Humaid alikuwa na desturi. Kila alipotengeneza ukanda wa kubeba uhai wa mtu, kwanza alibandika tabaka zake kwa uji wa unga, na katikati akatia kipande kibovu cha unene uleule, apime unavyopinda na unavyozunguka kifua. Akiridhika, aliubandua, akakitupa kile kibovu, akatia ngozi nzima kwa gundi ya kweli. Lubaba aliijua desturi hiyo, lakini siku zote kazi ilimfikia mikononi ikiwa imekwisha shonwa, na huzuni ilikuwa imemfumba. Aliuona ubaoni umebandikwa, akadhani umekamilika. Ulikuwa kipimo tu.

Akanyanyuka, akaliendea jiwe la kukandamizia lililokuwa pembeni mwa ubao. Tangu Humaid afe, hakuna aliyelinyanyua. Akalisukuma. Chini yake, imelala imenyooka, palikuwa na ngozi ya fahali, imekatwa kwa urefu wa ukanda wa Mirdasi, nzima, safi, ikingoja.

Atika akapiga magoti, akaikumbatia ngozi ile. "Nilitaka kumfunikia ndugu yangu dhambi ambayo hakuitenda!"

"Na mimi nilimdhania," Lubaba akasema, machozi yakimdondoka. "Nimekaa naye miaka thelathini, nikamdhania. Astaghfirullah. Lau ningeuacha ukingo ule umefungwa, mimi ndiye ningemghushi Mirdasi, na lawama ingemwendea yeye kaburini." Kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio wake. "Utalia baadaye, wifi. Nichemshie gundi."

Jumatatu hiyo hiyo wakagandisha, wakalirudisha jiwe juu yake. Jumanne nzima Lubaba hakuligusa, ingawa Atika alimhimiza, kwani gundi ya kwato haitaki haraka. Jumatano alishona kuanzia alfajiri hadi magharibi, vidonda vyake vimefungwa vitambaa. Alhamisi, baada ya swala ya asubuhi, akashika ukingo. Kisu, jiwe, maji, mfupa. Atika akamwambia atie nta upesi, jua linapanda. Lubaba akakataa: nta ikitiwa ukingo ungali na unyevu, hufungia maji ndani, na ngozi huoza kimyakimya. Akangoja. Akasugua tena. Mkono ukifa ganzi aliubadilisha, na tasbihi haikukatika.

Karibu na adhuhuri Mirdasi alifika, na nyuma yake ngamia walisikika. Atika akampa ukanda. Ulikuwa uking'aa pande zote, isipokuwa karibu na bizimu: hapo, upana wa kidole gumba, ukingo uliachwa bila kusuguliwa, umepakwa nta nyepesi tu, na tabaka tatu zilionekana wazi, moja juu ya nyingine.

"Hapa umepasahau, Bi Lubaba?"

"Sikupasahau. Hapo ndipo pa kutazama kabla hujashuka. Sitaki uniamini mimi, wala uuamini mng'ao." Kisha akamweleza habari ya uji wa unga, na ya jiwe, na ya dhana yake mwenyewe, hakuificha.

Mirdasi alitazama pale kwa muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akalitaja jina. "Mwenyezi Mungu amrehemu Humaid," akasema. Akaufunga ukanda, akaondoka.

Miezi ikapita, eda ya Lubaba ikaisha. Siku moja sauti ile ile ikasikika mlangoni kabla ya mwenyewe kuonekana. Mirdasi alikuwa amerudi, amebeba kiriba kidogo cha maji ya kisima cha mbali kuliko vyote.

"Ukuta uliporomoka nikiwa kati," akawaambia. "Nikaning'inia tangu dhuha mpaka adhuhuri. Wenzangu juu walikwisha kutamka shahada kwa niaba yangu. Na uzito wangu mnaujua."

"Tunaujua," akasema Atika.

Lubaba hakutaka kusikia sifa. "Nipe ukanda," akasema. Akapatafuta mahali pale karibu na bizimu, akapitisha ukucha. Ukanda ulikuwa umechakaa, umechubuka, umejaa mchanga. Na tabaka tatu zilikuwa zimeshikana, hapana iliyoachia. La katikati lilikuwa lile lililolala chini ya jiwe. Akaliwekea kidole, akasema, "Alhamdulillahi. Hili ni lake."

Husemwa kwamba tangu hapo, hadi alipofariki, Lubaba hakumaliza ukingo wa ukanda wowote bila kuacha wazi upana wa kidole gumba.

Enyi ndugu waumini, kuwasitiri waliotutangulia ni jambo jema, lakini sitara ya maiti isijengwe juu ya shingo ya aliye hai. Na aliyefiwa asiogope kuifungua kazi ya mpenzi wake kwa haki. Huenda jiwe likawa bado halijanyanyuliwa. Mola wetu atujaalie ndani yetu pawe kama nje yetu, na awarehemu wetu wote walioacha kazi zao ubaoni. Amin.