Isale Mkononi mwa Mgeni

Wako watu wanaodhani kwamba mgeni huja kula tu. Hawajui kuwa mara nyingine huja na dawa ya ugonjwa ambao mwenyeji anauficha. Mwalimu Wenseslaus wa Kirua Vunjo alikuwa mmoja wao.

Kwa miaka minane alikuwa amefundisha katika shule ya misheni, na kila muhula ulipokwisha wazazi walimletea mikungu ya ndizi na vibuyu vya maziwa. Mwaka wa 1936 akaja Mwalimu Yakobo kutoka Nyasaland, nchi ya mbali kusini, mtu mpole aliyewafundisha watoto kuimba kwa sauti nne na aliyewatembelea waliougua. Wiki ya kufunga shule ilipofika, mikungu ilipita mbele ya mlango wa Wenseslaus kama vile nyumba ile haina watu, ikaenda kwa mgeni.

Wivu ulimwingia. Mkewe, Mektrida, alimkumbusha kwamba ndizi za shambani kwao ziliwatosha, naye akamjibu kwa ukali kwamba hazungumzii ndizi. Kilichomchoma zaidi ni mkungu mnono uliotoka kwa Thadeus, kaka yake wa tumbo moja. Ndugu hao walikuwa hawasemezani kwa miaka miwili, tangu Wenseslaus alipojifungulia maji ya mfereji siku ya zamu ya kaka yake, kisha akamwita mjinga asiyejua kusoma. Kosa lilikuwa lake na alilijua. Lakini kila alipotaka kwenda kuomba radhi, kiburi kilimshika miguu.

Basi akapanga njama. Kwa Wachagga, aliyekosewa huletewa jani la isale lililofungwa fundo kuombwa radhi, naye hawezi kukataa kusamehe. Wenseslaus alikata jani, akalifunga fundo, akamdanganya Yakobo kwamba ndivyo watu wa pale wanavyoshukuru kwa zawadi, akamhimiza ampelekee Thadeus. Alijua kijiji kizima kingeuliza mgeni amekosa nini, uvumi umfikie padri, na muhula ujao Yakobo asirudi.

"Nikifika niseme nini?" Yakobo aliuliza.

"Usiseme neno. Jani litasema lenyewe."

Siku ya kufunga shule, watoto wakiwa katikati ya wimbo, Thadeus aliingia uwanjani, kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, mkono mmoja, jani la isale mkono wa pili. Wenseslaus alifurahi moyoni, akangoja kumwona mgeni akiumbuka. Lakini Thadeus alimpita Yakobo, akaja kusimama mbele ya Wenseslaus.

"Mdogo wangu," alisema, "nilimuuliza mgeni ni nani aliyempa isale hii, akakutaja wewe. Miaka miwili nimekuwa nikiingoja."

Hapo ndipo Wenseslaus alipokumbuka jambo ambalo hata mtoto wa Kichagga analijua: mkosaji hapeleki isale mwenyewe, bali humtuma mtu asiyehusika na ugomvi. Wivu ulikuwa umemsahaulisha desturi ya kwao. Angeweza kukana mbele ya watu wote. Akatazama mvi zilizoota kichwani mwa kaka yake katika miaka ile miwili, machozi yakamlengalenga.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Nilikukosea. Nisamehe."

Mbege ilipokuwa ikinywewa, alimvuta Yakobo kando akamweleza njama yote bila kuficha. Yakobo akasema kwamba muhula ujao atarudi, kama mwenyeji wake bado anamtaka.

Kesho yake alikata mkungu mkubwa kuliko yote shambani kwake, akaubeba begani mchana kweupe, watu wakimtazama, mpaka mlangoni kwa Yakobo. Mtu ambaye yeye alitaka kumfukuza ndiye aliyempatanisha na nduguye. Hakika, mgeni njoo, mwenyeji apone.