Soksi za Nyumba za Kwasemkiwa

Njia ya maji, muulize aliyelowa.

Vijana wa kamati ya mtaa walimsikia Bibi Nakijwa akiitamka methali hiyo, wakataka kujua imetoka wapi. Bibi akawaambia wakae, tena wakae vizuri, maana yeye hasimulii watu waliosimama kama wenye haraka ya kuondoka. Methali hii ilianza hivi.

Katika mtaa wa Kwasemkiwa aliishi mjane mmoja mpika vitumbua, Bi Mwanjaa. Nyumba yake ya vyumba vitatu ilimchukua miaka kumi na minne kuijenga, na siku bati la mwisho lilipopigwa msumari alilia mbele za watu bila haya. Mtaa wenyewe ulikuwa bondeni. Kila masika maji yaliteremka kutoka barabarani, yakaingia majumbani bila hodi, yakatoka na sufuria, kandambili na vifaranga.

Watu wa Kwasemkiwa walikuwa na desturi yao. Masika yakiisha, kila mwenye nyumba alichanganya udongo mweusi wa mtoni na majivu, akakandika chini ya ukuta, kuanzia ardhini hadi pale maji yalipofika mwaka ule, ili ukuta usimomonyoke. Weusi ule waliuita soksi. Kuna nyumba zilizovaa soksi za kifundoni, na kuna zilizovaa za magotini. Ya Bi Mwanjaa haikuvaa soksi kamwe, kwani ilikaa juu ya kimgongo ambacho jicho la mgeni halikioni, na maji yaliipita mbali.

Mwaka mmoja zikaja habari njema. Halmashauri ingejenga mtaro mkubwa wa kutoa maji hadi mtoni, na wapimaji wangefika kiangazi hicho. Mzee Singano, mwenyekiti wa mtaa, akafurahi kupita kiasi, akapita nyumba hadi nyumba.

"Jamani, tunatembelewa na wakubwa! Mgeni haonyeshwi soksi chafu. Kila mtu apake chokaa, juu mpaka chini."

Wakapaka. Ndivyo tulivyo: mgeni akija, tunamficha hata kidonda alichokuja kukitibu. Wapimaji walipofika walikuta mtaa unang'aa kama siku ya Idi. Walipewa soda, wakapima, wakaondoka. Hawakumuuliza mtu neno, na hakuna aliyejisumbua kuwaambia. Baada ya miezi miwili ramani ikatoka: mstari mmoja ulionyooka kutoka barabarani hadi mtoni, na katikati ya mstari huo, nyumba ya Bi Mwanjaa. Asubuhi moja mama wa watu alifungua mlango akakuta ukutani kwake alama ya X nyekundu, ile ya kubomolewa. Siku hiyo vitumbua viliungua. Aliogopa, halafu akakasirika, na ile hasira ndiyo iliyomfaa.

Mkutano wa mtaa ukaitishwa. Injinia Rwiza, aliyewaongoza wale wapimaji, kijana msomi mwenye adabu zake, akaitundika ramani na kuieleza vizuri. Alipomaliza, Bi Mwanjaa akasimama.

"Injinia mwanangu, mtaro huu si wa maji?"

"Ndiyo, mama, ni wa maji."

"Basi umeupeleka yasikokwenda. Kwangu hayajawahi kufika. Yanapita uchochoroni, nyuma ya kwa mwenyekiti."

Watu wakaguna kwa kukubali. Injinia akatabasamu. "Mama, nakuelewa. Kila mtu ana uchungu na nyumba yake. Lakini mimi nafuata vipimo, na maneno hayapimwi."

Bi Mwanjaa akaiona miaka yake kumi na minne ikibebwa na tingatinga. Hakukaa.

"Yapime! Kila mwenye nyumba aende kwake sasa hivi na kipande cha mkaa, achore pale maji yalipofika masika yaliyopita. Tusiulizane, tusichunguliane. Wewe uje upime. Tukiwa waongo, vunja, na nyundo nitakushikisha mimi."

Injinia akakubali. Fundi Mbaruku akaleta mpira wake wa maji, ule mrija mrefu unaoonyesha ndani, ambao mafundi hulinganishia kuta: maji hayajui kudanganya, yakitulia husimama kimo kimoja ncha zote mbili. Wakaingia uchochoroni. Upande huu mkaa ulikuwa kifundoni, upande wa pili ukafika kwenye nyonga ya mtu.

"Mmeona?" Injinia akasema. "Kila mtu na lake."

"Misingi ndiyo hailingani, baba," Bi Mwanjaa akajibu. "Nyoosha mpira."

Mpira ukanyooshwa. Maji yakayumba, yakatulia. Upande huu yalisimama kwenye mkaa, na upande wa pili pia kwenye mkaa. Wakaenda nyumba zinazofuata, hali ikawa ile ile. Jozi kumi na moja za kuta zilizotazamana walizipima, na hapakuwa na tofauti iliyozidi upana wa kidole. Mwishowe wakauvuta mpira kutoka alama ya jirani hadi kwa Bi Mwanjaa, na maji yakasimama chini kabisa ya kizingiti chake. Injinia Rwiza akakaa pale pale mlangoni, kofia mkononi.

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukutuuliza," Bi Mwanjaa akasema. "Na sisi tukakupakia chokaa. Tumekosa wote."

Injinia akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, hiyo chokaa ilibaki?"

Ilibaki. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaifuta ile X kwa mkono wake mwenyewe. Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo havijawahi kupigwa hata arusini. Mtaro ukapitishwa uchochoroni, na kilichovunjwa ni banda la kuku la Mzee Singano tu. "Vunjeni," alisema, "kuku wenyewe wamechoka kuogelea." Masika yalipokuja, mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Watu walitoka na miavuli kuyatazama maji yakikimbia mtaroni, wakayapigia makofi, kisha wakarudi kulala kwenye vitanda vikavu.

Mwaka uliofuata Injinia Rwiza alipangiwa mtaa wa jirani. Alikuta ameandaliwa kiti na soda, hakukaa wala hakunywa. Alibandika karatasi kubwa isiyo na hata mstari mmoja, akauliza, "Nani hapa alilowa masika yaliyopita?" Mikono ikainuka uwanja mzima. Akaanza kugawa kalamu. Mwenzake aliyetoka naye ofisini akamvuta pembeni, akamuuliza tangu lini kazi ikaanza bila ramani. Injinia akamjibu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Njia ya maji, muulize aliyelowa."