Simba wa Mwanahawa

Mwanahawa aliupenda mno mchezo wa kadi wa Mbuga Kuu, hata akawa anautungia visa vipya na kuvitoa katika vijitabu. Siku moja wakili wa kampuni yenye mchezo huo alimkuta kwenye duka la fotokopi, wachezaji wakisubiri vijitabu vyao.

"Dada, simba huyu wa kwenye jalada ni nembo yetu. Vijitabu vyote vichomwe."

"Ni wenu kweli, kaka wakili?" aliuliza kwa aibu.

"Wetu kabisa."

"Basi mtazame vizuri, uwaambie na hawa, maana wananibishia. Wengine wanasema ni mbuzi. Mama mkwe alidhani nimejichora mimi."

Wachezaji walicheka, wakatoa simu wamrekodi wakili akijibu. Wakili alimtazama yule mnyama. Jicho moja lilikuwa shavuni, na manyoya ya shingo yalifanana na mswaki uliochakaa. Akamfikiria bosi wake akiiona video hiyo.

"Huyu si wetu," alisema taratibu.

"Una hakika?"

"Hatumjui kabisa."

Wakili alipoondoka, Mwanahawa alimnong'oneza mwenye duka, "Endelea kutoa nakala. Niliposikia anakuja, nilimchora simba upya kwa mkono wa kushoto. Kusema kweli, tofauti haikuwa kubwa."